Siku Suti Ilipomkaa Bwana Ngwali

Siku suti ilipomkaa sawasawa, ndiyo siku Bwana Ngwali alipofariki.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, sebuleni kwake, mbele ya Kamati ya Ujazo. Mpima Ngumi wa Taifa alivua soksi ya mahameli inayoulinda mkono wake wa kulia, akakunja ngumi, akajaribu kuipenyeza kati ya kiuno cha suruali na tumbo la Bwana Ngwali. Haikupenya. Akajaribu ubavuni. Haikupenya. Akawageukia wajumbe, akatamka neno ambalo katika nchi ya Shibani husemwa kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mbele ya kaburi la mtakatifu.

"Amejaa."

Wajumbe wakapiga makofi. Bwana Ngwali alisimama kushukuru, akasema "Waheshimiwa," kisha akaketi tena kabla sentensi haijafika popote. Wajumbe walidhani amelala. Huko Shibani kiongozi kusinzia kitini si jambo la kushangaza, ni dalili kwamba mambo yanakwenda. Kwa hiyo walipunguza sauti kwa heshima, wakahamia kwenye sambusa.

Aliyejua ni mkewe peke yake, Bi Mize, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Hakumtazama mumewe usoni. Alitazama mguu wake wa kulia. Tangu waoane mguu ule haukuwahi kutulia. Hata akiwa amekaa, hata usingizini, ulikuwa ukichezacheza, kama unamngoja mwenyewe aamke waende zao. Sasa ulikuwa umetulia.

Bi Mize aliweka birika sakafuni. "Baba Khatibu," aliita.

Mjumbe mmoja akaweka kidole mdomoni na kumnong'oneza, huku sambusa ikiwa shavuni: "Mwache apumzike, mama. Amefanya kazi kubwa."

*

Msomaji ambaye hajawahi kufika Shibani, na sijui nani amewahi, itabidi aelezwe desturi za huko, asije akadhani ni nchi ya watu wa ajabu.

Shibani cheo hakitolewi kwa maneno, hutolewa kwa suti. Mtu akiteuliwa, Fundi wa Dola humshonea suti, lakini si kwa mwili alio nao. Humshonea kwa mwili unaotarajiwa. Naibu ana upana wake, mkurugenzi ana wake, na suti ya waziri, ikianikwa uani, majirani huwaita watoto ndani wakidhani mvua inakuja. Mteuliwa huivaa vivyo hivyo, ikimpwaya, akaanza kazi ya kuijaza. Kamati ya Ujazo hupita kumkagua. Ngumi ikiingia kiunoni, bado. Ngumi ikikataa, amethibitishwa.

Waasisi wa taifa walilifikiria jambo hili kwa kina. Waliona kwamba wananchi wakimwona kiongozi mwembamba watapata wasiwasi, wataanza kuulizana chakula kimekwenda wapi. Wakimwona mnene, hawana haja ya kuuliza.

Ipo pia sheria ya miguu. Mwenye suti haruhusiwi kuonekana anatembea, kwa sababu wawekezaji wanaweza kudhani nchi imeishiwa mafuta. Akitaka kuvuka barabara kwenda msikitini, huletewa gari. Gari huzunguka mji mzima kutafuta pa kugeuzia, na mara nyingi humfikisha wakati watu wanatoka.

Ngwali, katika maisha yake ya kwanza, alikuwa mpima ardhi. Alizunguka Shibani nzima kwa miguu akiburuta mnyororo wa kupimia, yeye na vibarua wake, wakala mihogo ya kuchoma na dagaa, wakanywa maji ya visima vya watu. Alikuwa mwembamba na mkavu, na miguu yake ilikuwa na mishipa kama mizizi. Alipokuwa akirudi nyumbani baada ya safari, Bi Mize alimtambua kwa mwendo kabla hajamwona sura. Walikuwa na mtoto mmoja, Khatibu, na mtoto huyo alijifunza kutembea akiwa amekishika kidole cha baba yake.

Halafu serikali ikamwona. Hakuomba. Siku moja Fundi wa Dola alibisha hodi akiwa na suti ya Naibu Mkurugenzi wa Ardhi na Masafa, imetundikwa kwenye fimbo, na vijana wawili wameishika pembeni isiburute.

*

Hapo ndipo Bi Mize alipofanya jambo ambalo mwanamke yeyote anayempenda mumewe angelifanya, na ambalo nchini Shibani pekee lingeweza kuleta matokeo yaliyoletwa.

Ngwali alikuwa akirudi kutoka ofisini akilalamikia kifua. Ofisini kulikuwa na chai ya saa nne yenye maandazi na soseji, kikao cha saa tano chenye kuku, na tathmini ya kikao, ambayo ilikuwa na kuku pia. Alisema mwili umeanza kumgomea, na suti bado ilikuwa nyumba ya watu watatu. Basi mchana mmoja, Ngwali akiwa kazini, Bi Mize aliitoa suti kabatini akaifumua. Akapunguza kiuno, akapunguza mabega, akakunja kitambaa kwa ndani, akaishona upya kwa mkono, mshono mdogomdogo ambao hata Fundi mwenyewe asingeuona. Mumewe aliporudi na kuivaa, ilimshika kama ngozi.

"Sasa kula unachotaka kula," alimwambia. "Na usichotaka, acha. Wakija na ngumi yao, watarudi nayo."

Walicheka mpaka Ngwali akakaa kitandani. Kamati ilipokuja, ngumi ilikataa. Ilikataa mbele, ilikataa nyuma. Mpima Ngumi alitazama mkono wake kwa hofu, akidhani labda umevimba.

Habari zikafika juu. Haikuwahi kutokea mtu kuijaza suti ya unaibu haraka namna ile. Waziri wa Afya na Takrima, Mheshimiwa Kinono, alisema redioni kwamba huu ndio uzalendo unaotakiwa, kwamba wengine hupewa nafasi wakakaa nayo miaka wakiwa bado na tundu kiunoni. Kabla mwezi haujaandama, Ngwali alipandishwa kuwa Mkurugenzi kamili. Suti mpya ililetwa kwa mkokoteni. Na kwa kuwa kipaji kama kile hakifai kuachwa kijilishe chenyewe, aliletewa pia nyumba ya serikali yenye ukuta mrefu, na mpishi wa serikali wa kuishi humo.

Ngwali aliitazama ile suti mpya, kisha akamtazama mkewe.

"Mize," alisema, "umenishona vizuri mno."

Alikuwa anatania. Bi Mize alicheka naye, kwa sababu alikuwa bado hajajua.

*

Mpishi aliitwa Pandu. Hakuwa mtu mbaya, na kama angekuwa mbaya ingekuwa rahisi zaidi. Aliamka mapema akakaanga chapati za kuogelea kwenye samli, akaweka maini, mayai na uji wa maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mchana wali wa nazi, jioni biriani. Bi Mize alipomwomba apike mchicha, Pandu alimtazama kwa huruma.

"Shemeji," alimwambia, "nikipika mchicha watasema nimemhujumu. Sufuria ikirudi na chakula, kinachofuata ni mimi kurudi kwetu. Nina watu nyuma yangu."

Suti nayo haikuweza kufumuliwa tena, kwa sababu Pandu ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati.

Ngwali alikwenda kwa daktari. Hospitali za Shibani ni nzuri, ila mizani ilipigwa marufuku humo zamani, kwa kuwa uzito wa kiongozi ni siri ya dola. Daktari alimpima presha, akapima tena akidhani mashine ina kasoro, akamchoma kidole kupima sukari. Kisha akaenda kufunga dirisha. Bi Mize alikuwepo, aliyasikia kwa masikio yake.

"Tembea," daktari alinong'ona. "Kila siku, Bwana Ngwali. Punguza chumvi, punguza sukari, punguza mafuta. Moyo wako unabeba watu wawili." Halafu akafungua mlango na kusema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa ukumbi: "Hongera sana Mkurugenzi, endelea kula vizuri."

Yeye pia alikuwa na suti. Ilikuwa bado inampwaya kidogo mabegani, na alikuwa na ukaguzi mwezi uliofuata.

Kwa hiyo Bi Mize akafua mashuka. Alifua mashuka yote ya nyumba, yaliyotumika na yasiyotumika, akayaanika kwenye kamba uani, mistari minne, yakafanya kuta za kitambaa. Ndani ya kuta hizo Ngwali akatembea. Alizunguka taratibu, mkono ukigusagusa shuka, akihema, akasimama, akaendelea. Kila alasiri. Bi Mize alikaa kwenye kigoda jikoni na kumsikiliza. Kulikuwa na sauti ya kandambili kwenye mchanga, na siku nyingine, akiwa na nguvu, sauti ya mluzi. Baada ya muda mchanga ulishindiliwa ukawa njia, duara la mtu mmoja.

Waheshimiwa majirani waliona nyumba ile inafua kila siku. Wakadhani kuna mgonjwa. Kamati ikatuma watu kutazama. Haikumwadhibu, la hasha, Shibani haina ukatili. Ilimletea zawadi: benchi la zege, zito, lenye bamba lililoandikwa PUMZIKA, KIONGOZI WETU. Mafundi waliuliza liwekwe wapi. Wakaliweka walipoona pana ardhi ngumu, juu ya njia yake.

Ngwali alilikalia jioni ile. Bi Mize alikwenda kukaa naye.

"Nilikuwa napima nchi nzima," alimwambia mkewe. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukichezacheza.

*

Cheti cha hospitali kilisema Bwana Ngwali amefariki kwa kukamilika.

Kabla hajaoshwa, Fundi wa Dola alifika kuivua suti, kwa kuwa suti ni mali ya umma. Alikuwa mpole sana. Alimgeuza marehemu kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala, akaipiga suti brashi, akaitundika kwenye fimbo, akasema poleni. Kwa hiyo Ngwali alizikwa kwa sanda kama watu wote, na Bi Mize alishukuru kwa hilo.

Waheshimiwa walihudhuria kwa wingi, lakini hakuna aliyeweza kulibeba jeneza. Makaburi ya Shibani yapo mlimani. Walilisindikiza kwa magari hadi barabara ilipoishia, wakashusha vioo, wakainua mikono kuomba dua. Waliolipokea ni vibarua wa zamani wa mnyororo, wanaume wakavu waliosikia habari wakaja kwa miguu bila kuitwa. Walilipokezana begani, wakapanda nalo. Mmoja wao alilia njia nzima, akimwambia marehemu kana kwamba anamsikia, "Bwana mkubwa, umekuwa mzito, umekuwa mzito, walikufanya nini?"

Bi Mize hakufuata mlimani. Alikaa ndani na wanawake. Jioni walipoondoka alikwenda uani, akaona mashuka bado yako kwenye kamba, hakuna aliyekumbuka kuyaanua. Akaingia katikati yake, akasimama pale kwenye njia, akaweka mguu juu ya mchanga uliokanyagwa. Ulikuwa mgumu na bado una joto la jua. Tangu siku hiyo alimkataza Pandu asifagie upande ule.

*

Siku ya arobaini ilisomwa khitma, na serikali ikaomba iunganishwe na uzinduzi wa Wiki ya Kitaifa ya Kupambana na Unene, ili kupunguza shughuli. Turubai lilifungwa, ng'ombe wawili wakachinjwa. Mheshimiwa Kinono alifika, akasaidiwa kushuka, akasaidiwa kukaa, akapewa kipaza sauti akiwa hapohapo kitini.

Alisema taifa limeguswa. Alisema wataalamu wamemweleza kwamba unene huleta presha, kisukari na maradhi ya moyo, kwamba watu wanene wanakufa mapema na kuacha wajane, na kwamba jambo hili lizuiwe tangu utotoni kwa mboga, matunda na mazoezi. Watu waliinua vichwa. Ilikuwa kweli tupu, na hawakuzoea kuisikia kwenye kipaza sauti.

"Lakini tusichanganye mambo," aliendelea. "Unene ni ugonjwa wa raia. Kwa kiongozi, huo ni ujazo."

Akapewa maji, akakataa, akapewa soda. Kisha akasema serikali haisahau watoto wa mashujaa. Suti ya marehemu ipo, haijatoboka, haijafifia. Kiti chake kipo. Na kijana wake yupo.

Fundi wa Dola akatokea nyuma ya turubai na ile fimbo.

Khatibu alikuwa na miaka ishirini na sita, amemaliza masomo, ameomba kazi mpaka akaacha kuhesabu barua. Alikuwa ameshaambiwa tangu jana, na jana hiyohiyo alikuwa amegombana na mama yake kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alimwambia nyumba ni ya serikali, akikataa watatolewa. Alimwambia yeye si baba, atajua namna. "Nitakula kidogo, mama. Nitawazungusha." Bi Mize alimjibu kwamba baba yake naye alisema hivyo, na kwamba wakati ule yeye mwenyewe ndiye aliyeshika sindano.

Sasa kijana alisimama mbele ya watu wakamvika. Suti ilimmeza. Mabega yalishuka hadi viwikoni, suruali ilishikiliwa na vijana wawili. Mpima Ngumi alivua soksi yake ya mahameli, akapenyeza ngumi kiunoni, ikaingia yote, ukaingia mkono hadi begani, akautoa upande wa pili akawapungia watu vidole. Turubai zima lilicheka. Mheshimiwa Kinono alicheka mpaka akafutwa machozi. "Kazi ipo, kijana," alisema. "Lakini baba yako alianza hivihivi."

Khatibu naye alitabasamu. Alikuwa na meno ya baba yake.

Bi Mize aliinuka kwenye mkeka wake nyuma ya pazia la wanawake. Eda ilikuwa haijaisha na hakutakiwa kuonekana mbele za wanaume, kwa hiyo wanaume waligeuza nyuso upande. Alipita katikati yao, ukaya umefunika uso mpaka machoni, akafika kwa mwanawe. Akaingiza mkono wake pale ilipoingia ngumi, kati ya kitambaa na tumbo la mtoto wake, akauacha hapo.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa, "mimi nimefua nguo za mtu aliyeijaza hii. Nafasi hii mnayoicheka ndiyo miaka ya mwanangu. Muiache."

Mheshimiwa Kinono aliinua kipaza sauti. Akakishusha, akatafuta soda.

Khatibu aliutazama mkono wa mama yake. Alihisi ubaridi wake kupitia shati. Akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, bila haraka. Akalivua, akaivua na suruali, akabaki na nguo alizokuja nazo. Suti aliikunja vizuri, akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

Hakuna aliyepiga makofi. Pandu peke yake, huko nyuma kwenye masufuria, alijifuta uso kwa aproni, na alipoulizwa alisema ni moshi.

*

Walitolewa kwenye nyumba ndani ya wiki ile. Gari la kuhama halikuletwa, kwa kuwa gari hutolewa kwa wenye suti. Waliondoka kwa miguu, Khatibu na godoro kichwani, Bi Mize na bonge la mashuka, mchana kweupe, kwenye barabara ambayo hakuna aliyewahi kuonekana akitembea. Majirani walifunga madirisha ili wasiaibike kwa niaba yao. Bi Mize alipumzika mara nyingi. Nyumba ile ilikuwa imemnenepesha yeye pia, hakuna aliyemkagua tu.

Sasa wanakaa chumba cha kupanga karibu na mlima. Khatibu anafanya kibarua cha mnyororo na watu wa baba yake. Eda imeisha, na kila Ijumaa asubuhi mama na mwana hupanda makaburini. Mwanzoni Bi Mize alikuwa akifika nusu ya njia na kuketi juu ya jiwe. Siku hizi anafika. Presha yake imeshuka, daktari alimwambia hivyo baada ya kufunga dirisha. Kuna siku, wakiwa wanashuka, Khatibu huenda mbele na yeye humtazama kwa nyuma, mwendo wake, na hapo hulazimika kusimama kidogo, ingawa hajachoka.

Suti amepewa mtu mwingine. Ana miaka thelathini na moja, ana mke na watoto wawili wadogo, na ngumi bado inaingia.